Sauti Iliyoelekea Shingoni

Izigo, Muleba

Kokushubira mwanangu,

Bwana Yesu asifiwe. Nakusalimu wewe uliye upande wa pili wa ukuta huu, na ninakujulia hali ingawa nakusikia ukibishana na mama yako juu ya ndizi za kubeba. Mafua yamepoa? Juzi ulikohoa nikataka kuja kukuona, nikakumbuka umekuwa mtu mzima. Sisi ni wazima, tunamshukuru Mungu. Kahawa bado haijakauka vizuri, na mbuzi wa mama yako amezaa pacha, lakini hayo unayajua, umeyaona kwa macho yako.

Utasema baba amechanganyikiwa, anamwandikia mtu ambaye akiitwa tu anakuja. Sijachanganyikiwa. Jambo ninalotaka kukuambia nimelibeba tangu asubuhi, na kila nilipofungua kinywa mama yako aliingia, au jirani alikuja na vidonge vyake kumwonyesha "daktari wetu", au mimi mwenyewe niliuogopa uso wako. Kwa kalamu siuoni uso wako. Barua hii nitakupa mkononi kesho pale stendi, na nitakuomba usiifungue mpaka basi liondoke. Kama umenitii, sasa hivi unaisoma ukiwa njiani na huwezi kushuka. Nisamehe kwa hilo pia.

Mambo ya kula, ya kulala na ya watu wa kuwakwepa sitayagusa. Mama yako ameyamaliza, na shangazi yako wa Kanazi ameyarudia kwa simu. Mimi nataka kuongea nawe juu ya mtihani. Unarudi chuoni kufanya sapu, ule mtihani wa marudio wa kupima wagonjwa, na ukifeli tena unarudia mwaka wa tatu wote huku wenzako wakisonga mbele. Na unaondoka hapa ukiamini kwamba mgonjwa utakayemkuta kwenye kile kitanda cha moyo ni mimi. Hapo ndipo ulipo mzigo wangu. Nitafika hapo. Nivumilie nianzie mbali kidogo, maana nikikuambia kwa mkato utaniona mkatili.

Ulikuwa bado shule ya msingi moyo wangu ulipoanza kunisumbua. Nilikuwa nimekodi shamba la mahindi kule Ngenge, na nikipanda kilima na kiroba kichwani nilikuwa nasimama kila baada ya migomba michache kama mzee wa miaka themanini. Nilikwenda kutibiwa, wakanipa dawa za malaria. Nikarudi, wakanipa nyingine. Watu huwa wanawalaumu wale waliokuwa wakinitibu, na mimi niliwahi kuwalaumu mbele yako. Lakini nusu ya habari nilikuficha. Kila waliponiuliza, "Mzee, unapumua vizuri?" nilijibu, "Vizuri tu." Nilikuwa na mahindi shambani. Nilijua nikisema kweli wataniambia nipumzike, na nani angevuna? Basi niliwapa habari za mtu mwingine, mtu mwenye afya, na wao wakamtibu huyo mtu mwingine. Mpaka siku niliyofungwa kwa khanga ya mama yako mgongoni kwa dereva wa pikipiki nisianguke, nikapelekwa Bukoba, na Bukoba wakanisukuma mpaka hospitali ya chuo chenu. Huko ndiko walikonieleza kwamba mlango mmoja wa moyo wangu haufungi sawasawa, damu ikisukumwa mbele nyingine inarudi nyuma, na ndiyo inayopiga ule mvumo unaosikika kwenye kipimo.

Daktari mmoja wa huko, mwalimu wa wanafunzi, aliponisikiliza alitabasamu. Akaniambia, "Mzee Elisha, una moyo mzuri sana."

Nikamwambia, "Asante sana daktari, Mungu ni mwema."

Akasema, "Mzuri kwa wanafunzi, mzee. Kwako wewe si mzuri hata kidogo."

Ndivyo nilivyoanza kazi yangu ile ya kuitwa kila mwaka nipimwe na wanafunzi kwenye mtihani. Wewe unaijua kwa kusikia, lakini sijawahi kukueleza ilivyo ukiwa umelala pale, kwa sababu nilipenda uione kama heshima tu. Sista Domitila, yule muuguzi anayepanga wagonjwa wa mtihani, siku ya kwanza alinifundisha sheria. Akasema, "Wakikuuliza unaumwa wapi, waambie. Wakikuuliza unaumwa nini, hujui."

"Lakini Sista, najua."

"Leo hujui."

Basi nikalala kifua wazi, shuka kiunoni, watahini wawili wamekaa pembeni na karatasi zao. Kengele inalia, anaingia mwanafunzi. Kengele inalia, anatoka, anaingia mwingine. Wengine walikuwa wanatetemeka kuliko mimi mgonjwa. Mmoja alivuta shuka bila hata kunitazama usoni, akaniita "mgonjwa huyu" kana kwamba nimesafiri. Mmoja alinawa mikono, akaisugua ipate joto, akasema, "Samahani baba, bado ni ya baridi." Nilimpenda huyo papo hapo. Mwingine aliniuliza, "Mzee, unakunywa pombe?" Nikamwambia, "Mimi ni mzee wa kanisa." Akasema, "Sijauliza kanisa, mzee, nimeuliza pombe." Watahini walicheka mpaka mmoja akadondosha kalamu. Nikakiri kwamba rubisi, pombe yetu ya ndizi, harusini huwa naonja.

Lakini kicheko kile kilikuwa cha dakika moja. Muda mwingine wote nilikuwa kama mtu aliyefungwa. Jibu la mtoto wa watu liko ndani ya kifua changu, linapiga, mimi nalijua, na mdomo wangu umefungwa. Kulikuwa na kijana mmoja jasho lilikuwa linamtiririka mpaka linanidondokea. Alikuwa anasikiliza mahali pasipo penyewe, juu sana. Nilimhurumia, mwanangu, nikajikuta nageuka polepole kulalia ubavu wa kushoto, maana ukilala hivyo sauti inasogea karibu. Mtahini akasema bila kuinua kichwa, "Mzee Elisha, lala ulivyokuwa." Nikalala nilivyokuwa. Kijana akatoka bila kuipata. Usiku ule sikula.

Kuna jambo nililolisikia nikiwa kitandani pale ambalo ndilo limenifanya niandike. Kati ya mwanafunzi na mwanafunzi watahini huongea, na mgonjwa wanamsahau. Ndivyo nilivyojua jinsi wanavyowapima. Nilidhani wanatafuta jina la ugonjwa tu: ukilitaja umefaulu, ukilikosa umefeli. Kumbe jina ni kipande kidogo. Wanatazama kama umesalimia, umeomba ruhusa, umemfunika mtu baada ya kumaliza, umesimama upande wa kulia, umegusa kabla ya kusikiliza. Halafu wanauliza umekuta nini, na hapo ndipo penyewe. Siku moja msichana mmoja alieleza vizuri yote aliyoyasikia kifuani kwangu, lakini jina la ugonjwa akalitaja la ajabu kabisa. Alipotoka, mtahini mmoja, kijana, akasema, "Huyu amekosa."

Mwenzake, mzee mwenye mvi, akasema, "Amekosa jina. Alichosikia amekisema kama kilivyo."

"Kwa hiyo unampitisha, Profesa?"

"Nampitisha. Jina tutamfundisha. Yule wa kabla yake ndiye ninayemwogopa."

"Lakini wa kabla yake kalipata jina!"

"Kalipata jina, na kasema kasikia kitu ambacho hakipo. Wewe ungependa akutibie mama yako?"

Yule kijana akageuza karatasi yake. Mimi nilitazama dari. Sikujua bado kwamba maneno yale yalikuwa yanakuja nyumbani kwangu.

Wewe ukachaguliwa udaktari, na chuoni wakakupokea. Unakumbuka likizo ya kwanza uliyorudi na kile kipimo cha masikioni shingoni? Mama yako alikuwa anamenya ndizi, ukasema, "Tata, vua shati." Nikavua hapo hapo uani, na majirani wakasimama. Nilikuwa na fahari, Koku, fahari isiyompendeza Mungu. Nilisema moyoni, wengine wamewapa watoto wao mashamba, mimi nimempa mwanangu kifua. Ukaweka kile kipimo, ukakunja uso, ukasema husikii kitu. Na mimi nikakushika mkono, nikausogeza, nikakuambia, "Hapa. Sasa nenda kushoto, fuata mpaka kwapani, utaikuta imekwenda huko." Ukasogeza. Ukaruka kama mtoto. "Naisikia, Tata! Inakwenda kwapani!" Mama yako akasema, "Mwache baba yako apumue, mpaka moyo wenyewe utachoka kusikilizwa."

Kila likizo ikawa hivyo. Ulikuja kunisikiliza kama mtu anayerudia wimbo anaoujua. Na mimi nilikuwa nakutajia kabla hujaweka kipimo. Sikukufundisha kusikiliza. Nilikufundisha kukuta kitu ambacho umeshaambiwa kipo. Mtu wa darasa la saba, niliyelala kitandani mwa mtihani miaka na miaka nikiona jinsi watoto wa watu wanavyojikwaa, na mwanangu mwenyewe nikampa ugonjwa mmoja autafute katika kila kifua. Hili silisemi ili unihurumie. Nalisema kwa sababu ndilo lililokuangusha, na hukulianza wewe.

Uliporudi safari hii hukusema kitu siku nzima. Tulikuwa tunageuza kahawa kwenye jamvi, wewe upande ule, mimi upande huu, ukaniambia bila kuniangalia. Kwamba kwenye kitanda cha moyo hakuwa mzee kama mimi, ambaye mara hii hawakuniita, alikuwa mama mmoja mnene mwenye kilemba cha bluu. Kwamba uliweka kipimo, ukasikia mvumo, moyo wako ukaruka kwa furaha, ukasema ndani yako, ni wa baba. Kwamba Profesa alikuuliza, "Sauti hiyo inaelekea wapi?" ukajibu, "Kwapani." Akakuuliza tena, polepole, "Umeisikia kwapani?"

Nikakuuliza, "Ulimjibuje?"

"Nilisema ndiyo."

"Na uliisikia?"

Ulichukua kahawa kiganjani, ukaiacha ikamwagika tena. "Sikusogeza hata kipimo, Tata. Muda ulikuwa unakwisha. Nilijua ipo."

Kumbe ya yule mama ilikuwa inaelekea shingoni. Mlango mwingine, ugonjwa mwingine. Ulikuja kuambiwa na wenzako nje.

Sikukukemea. Ulidhani ni upole. Sikuwa na mdomo wa kukukemea, kwa sababu nilikuwa nasikia sauti ya yule mzee mwenye mvi ikimwambia mwenzake, huyu ndiye ninayemwogopa. Na tangu siku hiyo nimemfikiria yule mama kuliko nilivyokufikiria wewe. Alilala pale kama mimi, kifua wazi mbele ya wageni. Akakuruhusu. Ukaweka masikio yako juu ya moyo wake, na hukumsikia yeye, ulinisikia mimi.

Halafu Sista Domitila akapiga simu. Unakumbuka ilivyokuwa, ulikuwa pembeni yangu na simu yangu hii haina siri, inapaza sauti kama redio. "Mzee Elisha, tuna mtihani wa marudio, wanafunzi wachache tu. Utakuja utulalie?" Nikaona mkono wako umesimama juu ya kahawa. Nikasema, "Nitakujibu, Sista."

Ukasema, "Tata, ni sapu yetu hiyo."

"Najua."

"Kitanda cha moyo kimoja tu."

"Najua, Koku."

"Basi nenda. Sitakuomba uniambie kitu. Usiseme kitu! Lala tu. Si ndiyo kazi yako, kulala?" Ukacheka. Hukuwa umecheka tangu urudi. Kicheko kile kilinishinda, nikasema, "Tutaona," na wewe ukalichukua "tutaona" langu ukaligeuza ndiyo. Sikukusahihisha. Tangu hapo umekuwa ukiimba jikoni, na kila wimbo ulikuwa unanifungia mlango mmoja.

Mama yako nilipomweleza wasiwasi wangu aliniangalia kama mtu aliyekataa mvua. "Mungu akifungua mlango, wewe unauliza ufunguo umetoka wapi." Nikamwambia huo si mlango wa Mungu. Akasema, "Kwani umeuomba wewe? Wamekupigia wenyewe." Na kweli sikuuomba. Hilo ndilo lililonibana. Wewe chuoni unaitwa kwa jina la babu yako, mimi kwenye faili lao nimeandikwa kwa langu, hakuna wa kutuunganisha. Shangazi yako alipopiga alikuwa ameshapewa habari yote. "Kaka, umekuwa mtakatifu kiasi hicho? Watoto wa wakubwa wanapewa mtihani mzima mkononi, wa kwako akipewa kifua cha baba yake ni dhambi?" Nikasema mtandao unakata. Akasema, "Mtandao haukati, wewe ndiye unayekata."

Jumapili Mchungaji akaomba, kama anavyoomba kila Jumapili, "na daktari wetu Kokushubira", na kanisa zima likaitika amina. Uliinamisha kichwa, wakadhani ni unyenyekevu. Mimi niliyekaa kiti cha wazee wa kanisa nilikuona, na wewe ulijua nakuona. Tulikuwa wawili ndani ya amina ile, hatuna pa kutokea.

Niligeuka kila upande. Nikienda nikalala kimya, utafaulu. Utaeleza moyo wangu kama shairi, na yule mzee mwenye mvi atakupitisha, na utakuwa umepita bila kumsikiliza mtu yeyote. Nikimwambia Sista naumwa siwezi kuja, nimetunga uongo mmoja kuukimbia mwingine. Nikisema kweli, nakuvua wewe nguo mbele ya chuo na kukupeleka kwa mgonjwa usiyemjua, na kama ukifeli, ni baba yako aliyekufelisha. Niliomba, na maombi yalikuwa yanarudi kama mpira unaogonga ukuta. Kitu pekee kilichonijia ni habari ya Ibrahimu alivyoingia nchi ya watu akasema Sara ni dada yake, ili apone. Nimeisoma habari hiyo mara nyingi nikimshangaa. Safari hii sikumshangaa. Nilijiona nimelala kwenye kitanda kile, unaingia na koti lako jeupe, unanisalimia, "Shikamoo mzee, naitwa Kokushubira, mwanafunzi wa mwaka wa tatu, naomba ruhusa nikupime," na mimi naitikia, "Marahaba," kama ninayeitikia mtoto wa watu. Hapo nilijua siwezi. Kufunga mdomo juu ya ugonjwa wangu nimezoea. Kukukana wewe, mwana wange, sikuweza hata katika mawazo.

Leo asubuhi nilikwenda nyuma ya kanisa, mahali mtandao unapokamata, nikampigia.

"Sista, mmoja wa wanafunzi wa marudio ni mwanangu."

"Mwanao? Yupi?"

Nikamtaja. Nikasikia akipekua karatasi zake. Kisha akasema, "Yule mwembamba wa macho makubwa? Ee mzee Elisha! Na miaka yote hamjasema?"

"Sikutaka mumwone kama mtoto wa mgonjwa."

"Sisi sote ni watoto wa wagonjwa, mzee." Halafu sauti yake ikawa ya kazi. "Nitatafuta mgonjwa mwingine. Lakini nikishamwambia mkuu wa idara kwamba una mtoto hapa, hawatakuita tena mpaka amalize. Unajua hilo?"

"Mwambie."

Nikamwuliza kama utapata adhabu. Akasema hapana, hajafanya kosa lolote bado. Neno hilo "bado" nimetembea nalo mpaka nyumbani. Mwisho akaniuliza, "Na yeye anajua umenipigia?" Nikasema hapana. Akasema, "Pole sana, baba."

Basi ndilo hilo, Koku. Siji. Hutanikuta. Kitanda cha moyo kitakuwa na mtu mwingine, Sista hakunitajia ni nani wala ana nini, na sikumwuliza, kwa sababu ningejua ningekuambia. Ninajijua.

Najua hasira uliyo nayo sasa. Usiifiche. Mama yako bado hajui. Nitamwambia nikirudi kutoka stendi, na usinionee huruma, nina haki ya kuyapata nitakayoyapata. Shangazi yako naye atanipigia, na safari hii sitasema mtandao unakata.

Usidhani nimetoka mtegoni. Nimehama kona tu. Pengine nimekosea. Pengine baba mwingine angelala pale, angefumba macho, ungepita, na miaka ya mbele ungejifunza vizuri na kuwa daktari bora, na kosa hili lingeyeyuka lenyewe. Siwezi kuapa kwamba haingekuwa hivyo. Ninachojua ni kwamba kuna watu watalala mbele yako na hutapewa jibu lao na baba yako, na kati yao watakuwepo waongo kama mimi wa Ngenge, wanaosema "vizuri tu" huku wanazama. Hao watapona tu kama masikio yako hayajaamua mapema.

Una siku chache kabla ya mtihani. Sijui kitabu na siwezi kukufundisha kitabu. Lakini nimelala upande wa pili wa kile kipimo muda mrefu kuliko walimu wako wengi. Nenda wodini, omba ruhusa kwa mtu usiyemjua, sikiliza kabla hujasoma faili lake. Anza na watu wenye mioyo mizima, hao hukuwahi kuwasikiliza, ulianzia kwangu palipoharibika. Sogeza kipimo. Kisogeze hata kama kengele inakaribia. Ukisikia shingoni, sema shingoni. Usiposikia, sema sikusikia, hata kama sauti yako itatetemeka, hata kama Profesa atanyamaza. Mimi nimewasikia wakinyamaza. Wakati mwingine kunyamaza kwao ni kuandika alama.

Na ikiwa utafeli, rudi hapa au baki huko, utakavyoona. Jumapili itakayofuata nitasimama kanisani mwenyewe niseme kwamba binti yangu anarudia mwaka, ili siku ukija usiinamishe kichwa peke yako.

Kesho stendi usinikumbatie kwa haraka haraka kama unavyofanya ukiwa na aibu ya watu. Simama kidogo. Najua utakuwa bado hujasoma, na utanicheka, utasema, "Tata, si tunaonana wiki ijayo?" Na mimi sijui nitafanyaje uso wangu.

Nakuomba jambo moja. Usiningojeshe mpaka matokeo yatoke. Ukitoka kwenye chumba cha mtihani, kabla hujaongea na wenzako, kabla hujajua ugonjwa wenyewe ulikuwa nini, niandikie. Usiniambie kama umefaulu. Niambie alikuwa nani yule mgonjwa, na ulisikia nini. Nijibu mapema, mwanangu.

Baba yako,
Elisha